Deni la Sare

Katika mitaa ya Mikocheni, kuanzia Regent Estate hadi kwa Warioba, si ajabu kukuta walinzi wawili wakikesha kwenye mageti jirani. Mmoja ni wa kampuni binafsi. Ana kiti cha plastiki, tochi, kirungu na daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi. Mwenzake ni askari polisi aliyepangiwa lindo kwenye makazi ya kiongozi, benki au ofisi ya kigeni. Amevaa kaki na bunduki iko begani. Usiku wanaoukesha ni ule ule na mbu ni wale wale. Alfajiri wanasalimiana, huyu akimwita mwenzake afande, yule akimwita huyu mzee, kisha kila mmoja anasubiri wa kumpokea zamu.

Mbele ya sheria, hata hivyo, watu hawa wawili ni kama raia wa nchi mbili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, inamwekea mlinzi wa kampuni saa 45 za kawaida kwa wiki, inamtaka mwajiri amlipe mara moja na nusu kwa saa za ziada, inamruhusu kujiunga na chama cha wafanyakazi na, akifukuzwa kwa uonevu, inamfungulia mlango wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Huenda kwa vitendo asiyapate yote, lakini yameandikwa na anaweza kuyadai. Kifungu cha pili cha sheria hiyo hiyo kinawataja wasiohusika nayo: askari wa Jeshi la Wananchi, wa Polisi, wa Magereza na wa Jeshi la Kujenga Taifa. Afande wa geti la pili anatawaliwa na Sheria ya Jeshi la Polisi, Sura ya 322, ambayo mizizi yake ni ya enzi za Waingereza. Sheria hiyo inamhesabu askari kuwa yuko kazini wakati wote, na anaweza kupangiwa kazi popote nchini. Kuna pia kitabu kinene cha maelekezo ambacho askari wenyewe hukiita PGO. Na juu ya vyote kuna Katiba, ibara ya 147, inayomkataza kujiunga na chama chochote cha siasa na kumbakishia kura yake tu.

Hapo linazaliwa swali ambalo lilikuwa la kifalsafa na la kidini kabla halijawa la kisheria. Je, jamii ina ruhusa ya kumtaka binadamu mwenye haki zote aziweke kando baadhi yake ili wengine walale kwa usalama? Kama inayo, ichukue kiasi gani, irudishe nini, na kitu gani haipaswi kukigusa kabisa?

Jibu la haraka husema kwamba mambo haya ni ya asili: askari ni askari, na ndivyo ilivyokuwa siku zote. Historia ya Tanzania inalikataa jibu hilo. Mwaka 1953 serikali ya Gavana Edward Twining ilipiga marufuku watumishi wake kujiunga na Tanganyika African Association, chama ambacho mwaka huo huo kilimchagua Julius Nyerere kuwa rais wake. Makarani na waganga waliokuwa uti wa mgongo wa chama wakalazimika kuchagua kati ya uanachama na mshahara. Nyerere hakuwa mtumishi wa serikali. Alifundisha shule ya misheni ya St Francis, Pugu. Hata hivyo naye alifikishwa kwenye njia panda hiyo, na Machi 1955 akaacha ualimu. Kijana aliyelipa gharama ya katazo la utumishi ndiye aliyekuja kuongoza serikali yenye mamlaka ya kuweka makatazo hayo.

Mtihani wake ulifika mapema. Usiku wa kuamkia Januari 20, 1964, askari wa kikosi cha kwanza cha Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, mwendo mfupi kutoka Mikocheni. Waliwaweka ndani maafisa wao wa Kiingereza na kudai mambo mawili: mshahara bora, na Waafrika wapewe vyeo vya uafisa. Madai yote mawili yalikuwa na haki ndani yake. Njia waliyoitumia iliitikisa Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Maduka yalivunjwa, watu walikufa mitaani, na Nyerere alilazimika kuwaita makomando wa Uingereza, waliotua Januari 25, askari wa dola ile ile iliyokuwa imeshusha bendera yake miaka miwili tu kabla.

Hatua iliyofuata ilikuwa kinyume cha ile ya Twining. Badala ya kutengwa na siasa, askari aliingizwa ndani yake. Wanajeshi na polisi waliruhusiwa kuwa wanachama wa TANU, chama kilichokuwa kinatawala, na Jeshi la Wananchi, lililozaliwa Septemba 1, 1964, likalelewa mikononi mwa chama. Hali ilibaki hivyo hadi mfumo wa vyama vingi uliporejea mwaka 1992, ndipo mlango ukafungwa tena.

Kwa hiyo, katika umri wa mtu mmoja, mvaa sare wa Tanzania amekatazwa chama, ameruhusiwa chama, kisha amekatazwa tena. Kila mara sababu zilikuwepo, na ya mwisho ni nzito kuliko zote: siku ya kupiga kura, mpiga kura wa chama chochote anatakiwa amwone polisi wa kituoni kuwa ni wake pia. Lakini mabadiliko hayo yanaonyesha kwamba mpaka kati ya haki za askari na haja ya umma umechorwa na watu, na watu wameuhamisha zaidi ya mara moja. Anayeuchora anawajibika kueleza kwa nini umepita hapo ulipopita.

Wapo wanaoona kwamba maelezo hayahitajiki. Mwaka 1892 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, polisi wa mji wa New Bedford alifukuzwa kwa kuvunja kanuni iliyowakataza askari kuchangisha fedha za siasa. Alikwenda mahakamani, na Jaji Oliver Wendell Holmes akamjibu kwa hoja ambayo wanasheria wameirudia tangu siku hiyo: mtu anaweza kuwa na haki ya kikatiba ya kuzungumza siasa, ila hana haki ya kikatiba ya kuwa polisi. Hukulazimishwa kuja, umekuja mwenyewe na masharti uliyaona.

Hoja hiyo ina nguvu mpaka mtu amtazame anayekubali masharti. Tangazo la ajira la Jeshi la Polisi linapotoka, waombaji huwa wengi kuliko nafasi. Kijana hutakiwa awe hajaoa wala kuolewa, asiwe na michoro mwilini, awe tayari kufanya kazi mahali popote. Akichaguliwa anakwenda Moshi kwenye mafunzo, anakula kiapo, kwa Kurani au kwa Biblia kulingana na imani yake, na anarudi akiwa amefungwa na masharti ambayo hakuwa na nafasi ya kujadili hata moja. Ridhaa ni nguzo ya mkataba katika fikihi ya Kiislamu, na ni nguzo katika sheria za Kiingereza zilizorithiwa Tanzania. Lakini ridhaa ya mtu wa miaka ishirini anayetafuta kazi ya kwanza haimpi mwajiri hati ya kuchukua chochote anachotaka.

Mahakama ya Rufani ya Tanzania ina kipimo bora kuliko cha Holmes. Katika kesi ya Kukutia Ole Pumbun dhidi ya Mwanasheria Mkuu, mwaka 1993, ilisema kwamba sheria inayobana haki ya msingi itasimama pale tu inapokuwa na kinga dhidi ya matumizi ya ovyo, na inapobana kwa kadiri ile tu ambayo lengo lake halali linahitaji. Kesi ile ilihusu sharti la kuomba kibali kabla ya kuishtaki serikali, wala haikumtaja polisi. Kipimo chake hata hivyo kinamfaa afande wa Mikocheni. Katazo la chama cha siasa linapita. Katazo la mgomo nalo linapita. Aliyeshuhudia Januari 1964 haombi ushahidi zaidi. Linalokwama ni jambo la tatu, ambalo halijaandikwa popote lakini linaishi kila siku: kwamba mtu aliyenyimwa chama na mgomo abaki pia bila mahali huru pa kupeleka lalamiko lake la mshahara, nyumba, saa za kazi na vifaa. Kwa hilo, lengo halali ni lipi?

Miji miwili ilikutana na swali hilo takriban wakati mmoja. Agosti 1918 polisi wa London waligoma, wakagoma tena 1919. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya polisi mwaka huo wa 1919 iliyofuta chama chao cha wafanyakazi na kuharamisha mgomo, lakini sheria hiyo hiyo iliunda Shirikisho la Polisi la kuwasemea, na mishahara yao ikapandishwa kufuatia kamati ya Lord Desborough. Septemba 9 mwaka huo huo, polisi zaidi ya 1,100 wa Boston waliacha malindo yao kwa sababu ya ujira mdogo, saa ndefu na vituo vichafu. Maduka yaliporwa, Gavana Calvin Coolidge akaleta wanamgambo, na waliogoma wote wakapoteza kazi. Walioajiriwa badala yao walipewa mshahara mkubwa zaidi, na sare ambazo wenzao walikuwa wakizinunua kwa fedha zao wakazipata bure. Yaani mji ulikubali kwamba madai yalikuwa ya kweli, ukawalipa watu wengine.

London ilichukua kitu na kurudisha kitu. Boston iliadhibu kwanza, ikalipa baadaye. Tanganyika ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa wenye sheria ya London, na katazo lilivuka bahari bila fidia yake. Mpaka leo polisi wa Tanzania hana shirikisho.

Hapa ndipo fikra ya deni inapokuwa na maana. Haki ya kugoma, ya kupumzika, ya kusema hadharani, askari hakuitupa, ameikopesha. Mkopaji ni kila mwenye nyumba ya Mikocheni anayefunga geti saa nne usiku, na ni kila mama wa Tandale anayefunga genge lake akijua kuna doria. Anayekopa ana wajibu, na wajibu huo vitabu vya dini viliusema zamani sana.

Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, askari walimwendea Yohana Mbatizaji wakamuuliza wafanye nini. Hakuwaambia waache kazi. Aliwataka wasimdhulumu mtu, wasimsingizie mtu, na waridhike na mishahara yao. Mahubiri mengi kuhusu rushwa huishia hapo, na humwangukia askari peke yake. Lakini Paulo, katika waraka wa kwanza kwa Wakorintho, sura ya tisa, anauliza upande wa pili: ni nani aliyewahi kwenda vitani kwa gharama zake mwenyewe? Aya hizi mbili zinasomwa pamoja. Anayeambiwa aridhike na mshahara lazima kwanza alipwe mshahara unaoridhisha, na asiwe yeye anayenunua mafuta ya pikipiki ya doria. Torati, katika Kumbukumbu la Torati sura ya 24, inaamuru kibarua alipwe kabla jua halijazama. Hadithi ya Mtume Muhammad, iliyopokewa na Ibn Majah, inataka mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka.

Na kuna simulizi ya Khalifa Umar bin al-Khattab ambayo watunga kanuni za utumishi wangepaswa kuisoma. Akizunguka Madina usiku, alimsikia mwanamke akiimba upweke wa mume aliyepelekwa vitani. Hakumwambia avumilie kwa ajili ya taifa. Alimwendea binti yake Hafsa, akamuuliza mke anaweza kukaa muda gani bila mumewe, kisha akaweka ukomo wa askari kuwa mbali na nyumba yake: miezi minne kwa riwaya moja, sita kwa nyingine. Mtawala alisikia lalamiko lililopita ukutani na akaligeuza kuwa kanuni. Askari wa leo aliyehamishwa kutoka Kinondoni kwenda Kigoma katikati ya muhula, watoto wakiwa shule na mke akiwa na kazi yake mjini, anajua jambo hilo lina uzito gani.

Deni hili halimpi askari ruhusa ya kujilipa barabarani. Hilo lazima lisemwe bila kuuma maneno, kwa sababu anayetoa kitu kidogo kwenye makutano ya Morocco au Mwenge mara nyingi ni dereva wa bodaboda au daladala, mtu ambaye naye hajamaliza siku. Bukhari na Muslim wamepokea habari ya Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka akarudi akigawa mafungu mawili: hili lenu, na hili nimezawadiwa mimi. Mtume alipanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake aone kama zawadi zingemfuata. Zawadi ilifuata cheo, na cheo ni cha umma. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inasimama kwenye hoja hiyo hiyo. Umma unaochelewa kulipa unatenda dhuluma, na askari anayechukua chai anatenda dhuluma nyingine. Aliyeumizwa na zote mbili ni yule mwenye bodaboda.

Deni la umma kwa askari linaonekana wazi zaidi kwa zimamoto, watu ambao wakazi wa Dar es Salaam bado wanawaita faya, na ambao kituo chao cha Barabara ya Morogoro kimekipa jina kituo cha mwendokasi. Zamani walikuwa waajiriwa wa jiji na manispaa, chini ya halmashauri kama walivyo mabwana afya. Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Namba 14 ya mwaka 2007, iliwaunganisha kuwa jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Sheria ya ajira ya 2004, iliyotungwa wakiwa bado wa halmashauri, haikuwaweka kwenye orodha ya majeshi yaliyotengwa. Iliwaweka kwenye orodha nyingine: huduma muhimu, pamoja na maji, umeme, afya na waongoza ndege, ambazo wafanyakazi wake hawagomi, na mgogoro wao unatafutiwa ufumbuzi kwa usuluhishi na uamuzi. Hakuna mwenye akili atakayepinga. Moto haungoji kikao kiishe.

Lakini tazama wanachokabidhiwa. Lalamiko linalorudiwa kila nyumba inapoungua Dar es Salaam ni kwamba gari limekuja bila maji. Hesabu yake ni fupi. Chukua gari lililobeba lita 5,000. Mipira miwili ikifunguliwa, kila mmoja ukitoa lita 500 kwa dakika, maji yote yamekwisha baada ya dakika tano. Kuanzia dakika ya sita, kinachozima moto ni bomba la barabarani lenye maji ya kujazia, na kama bomba hilo halipo, limefukiwa na lami au limejengewa ukuta, askari anasimama mbele ya umati akiwa ameshika mpira mtupu. Anapigiwa kelele na pengine mawe. Hawezi kujibu hadharani kwamba bomba si lake, kwa sababu kanuni za jeshi huacha usemaji kwa msemaji. Amekopesha ulimi wake, na waliomkopa wanautumia ukimya wake kumlaumu.

Kinachowezekana pale watu na vifaa vinapokutana kilionekana Kariakoo. Jumamosi ya Novemba 16, 2024 jengo la ghorofa liliporomoka na kuwafukia wafanyabiashara na wateja. Waokoaji wa zimamoto, wanajeshi, Msalaba Mwekundu na vijana wa mtaani walichimba usiku na mchana, wakizungumza kwa simu na walionaswa chini na kuwapitishia maji na hewa. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai, na zaidi ya 20 walikufa. Kurani, katika sura ya Al-Maida, aya ya 32, inasema anayeihuisha nafsi moja ni kama amewahuisha watu wote. Kama aya hiyo inaaminiwa kwa dhati, basi mkata zege, glovu na kamera ya kutafutia watu chini ya kifusi ni vitu vya ibada, na bajeti yake inastahili kujadiliwa kwa uzito ambao waumini huutoa kwa ujenzi wa msikiti au kanisa.

Mikocheni ina sehemu yake ya kulipa. Mitaa imefungwa kwa mageti ambayo funguo zake zinakaa na mlinzi mmoja. Kuta zimesogea hadi kwenye mitaro, na gari pana jekundu halipindi kona. Namba 114, ya dharura ya zimamoto, hupigwa na watoto wanaocheza na simu. Hakuna kati ya haya linalohitaji waziri.

Hata hivyo kuna fungu ambalo halikopesheki, na Kinondoni inalijua kwa uchungu. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva wao wa teksi walikamatwa na polisi Sinza, wakapelekwa msitu wa Pande na kuuawa kwa risasi. Maelezo ya kwanza ya polisi yaliwaita majambazi. Rais Jakaya Kikwete aliunda tume chini ya Jaji Musa Kipenka, na ukweli ukaanza kutoka. Maafisa na askari walishtakiwa. Mahakama Kuu iliwaachia huru mwaka 2009. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani afisa mmoja na kumhukumu kunyongwa. Askari aliyetajwa mahakamani kuwa ndiye aliyefyatua risasi alikuwa ametoroka, na hakuwahi kusimama kizimbani.

Katika magari yaliyokwenda Pande walikuwemo watu zaidi ya mmoja. Kila mmoja wao alikuwa amekula kiapo cha utii, na kila mmoja alikuwa na kitu ambacho kiapo hicho hakikukichukua. Sheria ya polisi yenyewe inadai utii kwa amri halali. Waislamu wanayo hadithi isemayo hakuna kumtii kiumbe katika kumuasi Muumba. Wakristo wanao mitume, katika Matendo sura ya tano, wanaoliambia baraza kwamba Mungu hutiiwa kabla ya wanadamu. Kitabu cha Kutoka kinafungua kwa wakunga wawili, Shifra na Pua, walioagizwa na Farao kuua watoto wa kiume wa Waebrania, wakakataa. Farao alikuwa na jeshi zima, lakini amri yake ilikwama kwa wanawake wawili.

Sokrates naye aliwahi kupewa amri ya kukamata. Mwaka 404 kabla ya Kristo, watawala Thelathini wa Athene walimtuma yeye na wenzake wanne wakamlete Leon wa Salamis auawe. Wanne walikwenda Salamis. Sokrates alirudi nyumbani kwake. Hakuhutubia wala hakuanzisha uasi. Leon hata hivyo aliuawa, na mtu anaweza kuuliza kukataa kwake kulifaa nini. Kulifaa kwa jambo moja ambalo dola haina uwezo wa kulitoa wala kulirudisha: baada ya siku ile, alibaki mtu ambaye hakumkamata Leon.

Karibu zaidi na nyakati hizi, Septemba 1989, Luteni Gregory Rockman wa kituo cha Mitchells Plain, Cape Town, alisimama hadharani kulaani jinsi kikosi cha kutuliza ghasia kilivyowapiga waandamanaji. Alipoteza kazi yake. Kutokana na msimamo huo kilizaliwa POPCRU, chama cha wafanyakazi wa polisi na magereza, ambacho kipo hadi leo. Miaka kumi baadaye, Mei 1999, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini iliamua kwamba hata wanajeshi wanaweza kuwa na chama cha kuwasemea, huku mgomo ukibaki marufuku. Taifa lile halikuanguka.

Mfano wa Rockman unaonyesha kwamba mambo haya mawili, deni na dhamiri, yanashikana. Askari asiye na mahali popote pa kupeleka lalamiko la kota inayovuja atawezaje kupata mahali pa kupeleka amri ya haramu? Mtu aliyezoeshwa kunyamaza juu ya posho hunyamaza pia juu ya maiti. Ndiyo sababu hoja ya kuwapa askari sauti haihusu maslahi yao peke yao. Inahusu maisha ya mtu atakayekamatwa usiku Sinza au Mikocheni, ambaye kinga yake ya mwisho ni koplo mmoja mwenye ujasiri wa kusema hapana, na mwenye uhakika kwamba akisema hivyo ataupata mlango wa kugonga kesho yake.

Mlango huo kwa sasa ni mwembamba. Tume ya utumishi inayosimamia ajira, vyeo na nidhamu ya polisi, magereza, uhamiaji na zimamoto ilianza kwa sheria ya 1990, na ni chombo cha mwajiri. Mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia taasisi za haki jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi ripoti Julai mwaka huo, na mjadala wa kulibadilisha Jeshi la Polisi uko wazi tangu hapo. Ndani ya mjadala huo kuna nafasi ya jambo moja linalotekelezeka: baraza la askari lililochaguliwa na askari wenyewe, lisilo na chama cha siasa wala mgomo, lenye haki ya kusikilizwa pale bajeti ya Wizara ya Mambo ya Ndani inapoandaliwa, na yanaposhindikana, lenye haki ya kupeleka mgogoro kwa msuluhishi asiyevaa sare. Sheria ya 2004 tayari ina utaratibu wa namna hiyo kwa huduma muhimu; kinachotakiwa ni kifungu cha kuwafikishia polisi kitu kinachofanana nao. Bunge la bajeti hukutana Dodoma kuanzia Aprili, na wakazi wa Mikocheni wana mbunge anayeweza kutumwa na swali hilo.